Ukitaka Kupiga Kambi Nyanda za Juu, Anza na Maji

Likizo ya shule inapokaribia, baba na mama huketi jioni wakaulizana watoto wapelekwe wapi mwaka huu. Aghalabu jibu huwa lile lile: waende kijijini kwa bibi, au waende mjini kwa shangazi. Majibu yote mawili ni mema. Lakini leo, ndugu msomaji, tunakuletea shauri la tatu: jamaa nzima ifunge mizigo, ichukue hema, ikalale siku sita au saba katika Nyanda za Juu Kusini, kati ya Iringa na Mbeya, pembezoni mwa mito ya nchi ile.

Wapo watakaosema kwamba kulala hemani ni mambo ya watalii. Si kweli. Wavuvi wa pwani wana dago lao, mahali wanapopiga kambi kwa majuma wakifuata samaki. Wafugaji, warina asali na wapagazi wa misafara ya zamani walilala nje tangu enzi za mababu, nao walikuwa na kanuni zao. Kanuni ya kwanza ilikuwa maji. Msafara haukuuliza ni wapi penye mandhari ya kupendeza. Uliuliza maji yako wapi, yanafaa kunywa au hayafai, na ni nani mwenyeji wa kuombwa ruhusa. Hata leo, anayepanga safari ya kambi katika nchi ya vilima na mito hana mahali pengine pa kuanzia. Twende msimu gani, tupite njia ipi, hema likae wapi, tuondokeje: kila swali la namna hiyo, ukilichunguza, utakuta ni swali juu ya maji.

Juni au Desemba?

Shule zetu hufungwa kwa likizo ndefu katikati ya mwaka na mwisho wa mwaka. Nyanda za Juu Kusini nazo zina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo mzazi hana budi kuchagua moja kati ya mawili. Juni ni kavu, lakini ina baridi. Desemba haina baridi kali, lakini mvua imekwisha kuanza.

Anayechagua Juni asiidharau baridi ile. Mji wa Iringa uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya kiasi cha mita 1,700. Uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Kati ya Juni na Agosti usiku wa Kitulo huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri, na kunapokucha majani huwa meupe kwa sakitu. Mtoto wa Dar es Salaam au Tanga, aliyezoea kulala kwa shuka moja, hataamini mpaka meno yaanze kugongana.

Anayechagua Desemba atapata zawadi nyingine. Kati ya Desemba na Aprili uwanda wa Kitulo hufunikwa na maua, na ndiyo maana wenyeji waliupa jina la Bustani ya Mungu. Hapo pana aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi. Mwaka 2005 uwanda huo ulifanywa kuwa hifadhi ya taifa. Lakini ajue pia kwamba barabara za udongo zitakuwa na utelezi na mito itakuwa ikipanda. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati mji wa Iringa haufikishi hata nusu yake. Mwenye hema dogo na watoto wadogo, akienda Desemba, na apige kambi upande wa Iringa, kisha apande Kitulo kutwa tu na kulala chini ya paa.

Kwa jamaa inayojaribu kambi mara ya kwanza, sisi tungeshauri Juni. Baridi huzuilika kwa blanketi. Maji yakiingia hemani saa nane za usiku, hayana mzuio.

Njia na vituo

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni mwendo wa kilometa 500 hivi, na kutoka Iringa hadi Mbeya kilometa 330 hivi. Barabara ni ile kuu iendayo Zambia. Ukishapita Ruaha Mbuyuni utapanda mlima Kitonga, wenye kona kali na malori yaendayo polepole. Panga kuupita mchana. Reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, inapita Makambako na Mbeya, lakini haipiti mji wa Iringa. Safari zake za abiria zimebadilika mara nyingi, hivyo ulizeni kituoni kabla ya kuitegemea.

Siku mbili za kwanza ziwe za Iringa. Mji wenyewe umekaa juu ya kilima, na Mto Ruaha Mdogo unapita bondeni chini yake. Katika bonde hilo hilo, mwendo mfupi kutoka mjini, ndipo penye Kalenga, ngome ya Chifu Mkwawa wa Wahehe. Majeshi yake yaliwashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti, 1891. Ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba, 1894, naye akaendelea kupigana porini mpaka alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu la kichwa chake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Watoto waione nyumba hiyo kabla ya kuoga mtoni, ili wajue wanaoga katika maji ya nani.

Kituo cha pili ni korongo la Isimila, kiasi cha kilometa 20 kutoka Iringa kwenye barabara ya Mbeya. Watu wengi huenda kupiga picha nguzo zake za udongo mgumu, zilizochongwa na mvua na upepo zikawa ndefu kuliko nyumba. Lakini jambo kubwa la Isimila liko chini, miguuni pako. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliokota hapo zana za mawe, na miaka ya 1957 na 1958 wataalamu wakiongozwa na F. Clark Howell walichimba na kukuta nyingine nyingi: mashoka ya mkono, vikwangulio na mawe ya kupondea. Zana hizo zinakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000. Wakati huo palikuwa na ziwa dogo. Wanyama walikuja kunywa maji, na watu wakaja kwa ajili ya maji na wanyama. Kwa maneno mengine, msomaji, hiyo ni kambi. Ziwa lilipotoweka, kambi nayo ikatoweka, yakabaki mawe.

Siku ya tatu elekeeni kusini. Mtapita Mafinga, lango la misitu ya misonobari ya Sao Hill na mashamba ya chai ya Mufindi, kisha Makambako, kisha mtateremka katika tambarare ya Usangu penye mpunga wa Mbarali. Mkifika Chimala mtaona kushoto kwenu ukuta wa mlima. Njia ya kupanda Matamba na Kitulo inapita hapo, nayo inaitwa Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Gari lenye breki za mashaka lisithubutu. Wasiotaka kona hizo waendelee hadi Uyole, karibu na mji wa Mbeya, washike barabara ya Tukuyu na kuingilia Kitulo kwa upande wa Isyonje.

Siku za mwisho ziwe za Tukuyu, kiasi cha kilometa 70 kutoka Mbeya. Hapa nchi nzima ni kijani: migomba, chai, viazi na maparachichi. Msituni juu ya kilele liko Ziwa Ngozi, lililojaa katika shimo la volkano. Kulifikia ni kwa miguu na kwa pumzi. Chini, Mto Kiwira umetoboa mwamba wa volkano na kuacha sehemu yake ya juu ikining'inia kama daraja, ndilo Daraja la Mungu. Kuna na Ziwa Masoko, dogo na la mviringo, ambalo wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walitupa fedha zao humo. Wenye siku ya ziada na wateremke hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huko baridi imekwisha na mbu wameanza; chandarua ni lazima.

Piga hodi kwanza

Nchi hii haina pori lisilo na mwenyewe. Ukitaka kulala katika ardhi ya kijiji, nenda kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, ujieleze wewe ni nani, mko wangapi, mtakaa siku ngapi. Ndani ya hifadhi za taifa, kambi hupigwa mahali palipotengwa tu, na malipo hufanywa kwa TANAPA. Misitu ya hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ulizeni mapema kote, kwa maana kufika jioni na watoto wenye usingizi kisha kuambiwa mrudi si jambo la kufurahisha.

Salamu nazo ni sehemu ya ruhusa. Wazee waamkieni shikamoo kama kwenu, lakini ukiongeza neno la pale pale utafunguliwa mlango kwa upesi zaidi. Kwa Wahehe na Wabena sema "Kamwene". Kwa Wanyakyusa sema "Ugonile", na wakiwa wengi "Mugonile". Salamu hiyo ya Kinyakyusa maana yake ni kama kuuliza, umelala? Hakuna salamu inayomfaa mpiga kambi zaidi ya hiyo.

Mkishasalimiana, mwulize mzee wa mahali swali moja: mvua ikizidi, maji hufika wapi? Atakuonyesha kwa kidole. Jibu hilo lina thamani kuliko ramani yoyote.

Mahali pa hema

Mchanga laini wa ukingoni unavutia, nao ndio mahali pa hatari kuliko pote. Ule mchanga uliletwa na nani, kama si mto wenyewe? Katika nchi ya vilima mvua inaweza kunyesha mbali juu usiioneshe hata wingu, kisha maji yakashuka usiku kwa ghafla. Kabla ya kusimika hema, tazama vichaka vya ukingoni. Ukiona majani makavu na vijiti vimenasa katika matawi kimo cha kifua, jua maji yalifika hapo. Panda juu zaidi ya alama hiyo, tena kwa hatua nyingi.

Chagua mahali palipoinuka kidogo, penye mteremko mdogo wa kupitisha maji ya mvua. Epuka chini ya mti wenye matawi makavu. Epuka njia ya ng'ombe. Mkienda Hifadhi ya Ruaha, kando ya Ruaha Mkuu, sikilizeni maagizo ya askari wa hifadhi kuhusu viboko na mamba, wala mtoto asiteke maji peke yake.

Mizigo

Kwa jamaa ya watu watano, tunashauri vifaa hivi. Hema lenye sakafu na turubai la kufunika juu yake. Vigingi vya akiba na kamba. Mikeka ya kutandika chini, kwani baridi hutoka zaidi ardhini kuliko hewani. Kila mtu awe na mablanketi mawili, sweta, soksi za usiku na kofia ya sufi. Chukueni jiko dogo la mafuta au la gesi, sufuria mbili, dumu mbili za maji, ndoo moja, kurunzi na betri za akiba, kisu, koleo fupi, viberiti vilivyofungwa katika mfuko wa nailoni, na sanduku la huduma ya kwanza. Simu za mkononi hukosa mawasiliano katika mabonde mengi; mwachie ndugu wa nyumbani karatasi yenye majina ya vituo na tarehe zenu.

Chakula kikavu mtoke nacho: unga, mchele, maharage, chumvi, sukari. Mboga, viazi, ndizi na maziwa nunueni njiani kwa wakulima wenyewe. Mtakula vyema, na mwenyeji atafaidika na ugeni wenu. Maji ya mto, hata yang'ae namna gani, yachemsheni.

Walio chini ya mto

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Milima ya Mbeya hugawa maji katika pande tatu. Maji ya upande mmoja huteremka Usangu, yakawa Ruaha Mkuu, yakaingia Rufiji na baharini. Ya upande wa kusini, kama Kiwira, huingia Ziwa Nyasa, yakatoka kwa Mto Shire mpaka Zambezi. Ya magharibi huingia Mto Songwe ule uendao Ziwa Rukwa, ambako hayana mlango wa kutokea. Matone mawili ya mvua yanayoanguka hatua chache moja na jenzake yanaweza kuachana maisha.

Katika njia hizo tatu, ya Ruaha ndiyo imetutia uchungu. Mto huu ndio unaojaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na maji yake huendelea hadi Bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji. Ndio unaonywesha tembo na viboko wa Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 1993 ulikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na miaka mingi iliyofuata ukakatika tena, mara nyingine kwa wiki nyingi mfululizo. Viboko walisongamana katika madimbwi ya tope. Sababu zilizotajwa ni kuchepusha maji kwa mashamba ya mpunga hata yasipohitajika, na mifugo mingi katika ardhi oevu ya Usangu. Mwaka 2006 Serikali iliwahamisha wafugaji kutoka eneo la Ihefu, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Hatua hizo ziliwagusa watu wenye watoto na ng'ombe, nao walikuwa na haja ya maji kama sisi. Ndiyo maana shauri la mto huu ni gumu: kila anayechota ana sababu njema, na mto ni ule ule mmoja.

Utauliza, hema moja lina uzito gani mbele ya mambo makubwa kama hayo? Hema moja halikaushi mto. Lakini mtoto aliyelala usiku mmoja akisikia maji ya Ruaha Mdogo, kisha akaambiwa kwamba maji hayo ndiyo yatakayowasha taa mjini, hawezi tena kufungua bomba na kuliacha wazi kwa moyo mweupe. Hilo ndilo faida ya safari, nalo halipatikani kwa kusomewa darasani.

Basi tabia ya kambi iendane na somo. Msifue nguo wala kuosha vyombo ndani ya mto. Tekeni kwa ndoo, mkaoshee mbali, maji machafu yamwagwe ardhini. Choo kichimbwe mbali na maji, hatua zisizopungua 60, kisha kifukiwe. Msikate mti mbichi. Miti ya vyanzo ndiyo inayoshika mvua isikimbie. Huko Kitulo, msing'oe ua hata moja. Viazi vya okidi vilichimbwa sana na kuuzwa Zambia, ambako huliwa kwa jina la chikanda, na uchimbaji huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyofanya uwanda ule uhitaji ulinzi. Na katika miezi ya kiangazi, moto uwe mdogo na mtu mzima awe karibu nao wakati wote, hasa karibu na misonobari.

Asubuhi ya kuondoka

Siku ya mwisho amkeni mapema. Mwagieni majivu maji mpaka yaguswe kwa mkono bila kuunguza. Fukieni mashimo. Takataka zote, hata kizibo cha chupa, zifungwe mfukoni na kurudi nanyi. Mwenye nyumba aende kwa mwenyekiti kuaga na kushukuru. Tukuyu neno la shukrani ni "Ndaga". Kisha mwite mtoto mdogo kuliko wote, umsimamishe juu ya njia, umwambie aonyeshe mahali hema liliposimama. Akishindwa, jueni mmelala vizuri, na mwakani mtapokewa tena.